Ardhi Haimo

Nilinunua nyumba Junda, upande wa hori,
pale barabara inapochoka ikawa mchanga
na mchanga nao ukachoka ukawa tope la mikoko.
Vyumba vitatu. Mabati ishirini na nane.
Mlango wa mvule uliotoka nyumba nyingine, iliyovunjwa zamani.
Choo nusu; nusu ya pili ni ya kina Mbeyu.

Karatasi ilipigwa chapa Kongowea
kwa taipureta iliyong'oka herufi moja,
nikawa Ba ke binti  ashidi.
Karani akaijaza kwa kalamu ya bluu kila ilipokosekana.
Shahidi wa kwanza, mwenyekiti wa kijiji.
Shahidi wa pili, muuza mbaazi aliyekuwa akipita:
akatua sinia, akatia dole gumba,
akaacha na tone la tui kando ya wino.
Mstari wa mwisho: Nyumba imeuzwa. A dhi haimo.
Jina langu alilijaza, la baba yangu, hata la barabara.
Hiyo ilimpita.

Wifi yangu wa Majengo alicheka hadi akakaa chini.
"Yaani umenunua kofia, kichwa cha mwenyewe!"
Nikamwambia nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa
chini ya ngazi za watu.
Kofia na iwe kofia.

Aliyeniuzia ni Nyevu, alikuwa akihamia Voi kwa mwanawe.
Alinipitisha chumba kwa chumba
kama anayemwachia yaya mtoto:
Dirisha hili usilifunge kwa nguvu, lina hasira.
Bamvua la mwezi mpevu hupanda hadi ngazi ya pili,
viatu weka ya tatu.
Maji ya kisima yana chumvi, lakini ya alfajiri yafaa kwa wali,
utaokoa pesa ya chumvi.
Mnazi ule ni wa Tsuma. Uko uani kwako ila ni wake,
ataukwea bila hodi, usimtukane.
Nazi ikiangukia bati, nazi yake, bati lako.

Kila tarehe tano huja kijana wa mwenye ardhi
na kitabu cha risiti.
Mwenyewe sijamwona. Wako wasemao yuko Kizingo,
wako wasemao alikufa kitambo, kinacholipwa ni jina.
Mia tatu. Huandika: kodi ya mahali.
Siku moja nikamuuliza, mahali panaanzia wapi?
Akatazama miguu yake,
akasogea kidogo.

Mwaka wa pili, mvua za masika, Nyevu akarudi
na mfuko mmoja wa vitunguu.
Hakusema kilichomleta. Alikula, akaosha sahani,
akalifunga lile dirisha polepole, bila kulitazama,
mkono ukijua wenyewe pa kulegeza.
Kisha: "Chumba cha kati. Usiku mmoja tu.
Kule najilaza, usingizi hauji."

Nilitaka kusema neno kuhusu mkataba.
Mkataba upo, kabatini, ndani ya bahasha ya khaki,
umetaja mabati hadi la mwisho.
Nikaupitia kichwani mstari kwa mstari
nikitafuta usingizi wake umeuzwa wapi.
Nikamtandikia.

Usiku maji yalijaa.
Nilisikia kaa wakikwaruza ukuta,
mbuzi wa kina Mbeyu akilalamika,
na upande wa pili wa ukuta Nyevu akikoroma
kama mtu aliyelipwa deni.
Nikakumbuka viatu vyangu, nimeviacha chini kabisa,
vya ngozi, vya kuendea mjini.
Nikatoka mbio na tochi.
Ngazi ya kwanza haikuwepo. Ya pili ilikuwa ikilambwa.

Ya tatu, jozi mbili:
ndara zake za bluu,
na vyangu kando yake, vikavu.